Saa sita ya nani? Ukaguzi wa uhamiaji alfajiri mkiwa kwenye kruzi na familia nzima

Saa mbili kasoro kumi asubuhi, meli imeshafunga gati St. Thomas, kisiwa cha Karibi, na kipaza sauti kinaita jina la mama yangu kwa mara ya tatu. Jina lake linaanza na Mwana, na Mmarekani akishaona M na W zimekaa pamoja anakata tamaa, kwaiyo mara mbili za kwanza hata mimi mwanae wa kumzaa sikushtuka kwamba ni yeye anatafutwa. Ya tatu wakataja na namba ya kebini, hapo ndo moyo ukaruka. Si mnajua, mpaka wote walioitwa kwa ukaguzi wamalizike hakuna abiria anayeshuka, yaani watu wameshavaa kofia za jua na taulo mabegani, wamejaa kwenye ngazi, na wote wanamsubiri bibi mmoja wa Tanga.

Nimeandika hii kwa ajili ya ndugu wanaopanga kruzi (matembezi ya baharini kwa meli ya kitalii) ya kwanza na familia, hasa sisi tunaoishi Marekani ambao nyumba moja ina makaratasi ya kila aina. Kwetu tulikuwa hivi: mimi na mke wangu tuna grinkadi (kadi ya ukaazi wa kudumu Marekani) na pasipoti za Tanzania, watoto watatu ni raia wa Marekani, mama kaja kutembea na viza ya utalii, dada yangu katoka London na pasipoti ya Uingereza. Wiki moja, tunaondokea Fort Lauderdale, Florida, na kurudi hapohapo, ilikuwa likizo ya Desemba. Tuliwaza sana nguo na chakula na kama mama atachafuka moyo baharini. Asubuhi ya uhamiaji tuliichukulia kama mambo ya airport tu, unapanga foleni unagongewa muhuri unaenda zako.

Kwanza muelewe kwa nini mnaamshwa. St. Thomas ni ya Marekani, waliinunua kwa Wadenishi mwaka 1917 kwa dola milioni 25, lakini sisi tulifika pale tukitokea St. Maarten ambayo ni nchi nyingine. Kwaiyo kwa macho ya uhamiaji mnaingia Marekani upya, na hiyo ndo bandari yenu ya kwanza ya Marekani tangu mtoke nje. Maofisa wanapanda melini mapema, wanakaa kwenye ukumbi mmoja, wanamalizana na watu ndo geti linafunguliwa. Na usijidanganye kwamba utapata safari isiyo na kitu hiki, maana meli nyingi kubwa zimesajiliwa Bahamas, Panama au Malta, na kuna sheria ya Marekani ya tangu 1886 ambayo haiziachii meli za bendera ya nje zizunguke na abiria kwenye bandari za Marekani tu bila kugusa nchi nyingine. Ukishagusa nchi nyingine, kurudi ni kukaguliwa. Sehemu nyingine wanakagua mkishuka tu siku ya mwisho, sehemu nyingine ni huko njiani alfajiri. Ratiba ikiwa na St. Thomas au San Juan ya Puerto Rico, jiandae.

Sasa ile barua. Jioni ya kabla mnawekewa karatasi kebini, imeandikwa saa, ukumbi na nani anatakiwa. Yetu ilisema 6:30 asubuhi. Wasiokuwa raia lazima wafike wenyewe, hata kama huna mpango wa kushuka siku hiyo, hata kama unaumwa kichwa, utajikokota. Mi nikaisoma nikaiweka mezani, nikamwambia kijana wangu wa miaka 12 ampigie bibi simu ya kebini amwambie kesho saa ngapi. Kosa lilianzia hapo na mpaka leo mke wangu hajaacha kunikumbusha.

Huyu mtoto kazaliwa Texas. Kiswahili chake kizuri tu cha nyumbani, lakini saa anahesabu kizungu. Akamwambia bibi yake, "Bibi, kesho saa sita na nusu." Bibi akasema haya mjukuu wangu, akakata simu. Sasa wewe mwambie mtu wa Tanga mwenye miaka 71 saa sita na nusu, ataelewa nini? Saa sita na nusu mchana, baada ya adhuhuri! Akaona hawa watu wa meli wana ustaarabu, wamemwachia mtu asubuhi yake.

Na dada aliyelala naye chumba kimoja, yeye barua yake aliisoma vizuri, akaamka, akamkuta mama yuko kwenye mswala, akajua akimaliza atakuja na sisi. Sisi tukajua atakuja na dada. Mama mwenyewe ndo alikuwa wa kwanza kuamka kwenye ukoo mzima, alfajiri kaswali, kavaa dera lake jipya, kapanda juu kwenye bafe, kachukua chai na maandazi yao yale yasiyo na iliki, kakaa dirishani anaangalia milima. Tulimkuta ametulia kabisa. Akatuuliza mbona mnahema.

Kwaiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu, na nauweka mbele ya viza na pasipoti: kwenye familia yetu sisi waswahili saa iandikwe, isisemwe. Andika 6:30 kwenye karatasi, chini yake andika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, bandika mlangoni kwa mzee. Na awepo mtu mmoja tu wa kugonga milango, ajulikane ni nani. Tukiwa wengi kila mtu anamwachia mwenzake. Afu angalieni simu pia, maana kipindi kile cha Desemba visiwa vile viko mbele ya Florida kwa saa moja, na simu ikiwa kwenye hali ya ndege inaweza kubaki na saa ya ulikotoka. Tulishapigwa na hilo St. Maarten, tukachelewa basi la utalii. Fuata saa ya meli, nunua hata kasaa ka dola kumi.

Makaratasi sasa. Meli inapeleka orodha ya abiria kwa maofisa kabla hamjafika, kwaiyo jina unalojaza wakati wa kuchekini kwenye intaneti liwe lilelile la pasipoti, herufi kwa herufi. Na hapa sisi tuna shida yetu. Majina ya kwetu mtoto anabeba jina la baba na la babu, mke habadilishi lake, basi kwenye familia ya watu watano unakuta majina ya mwisho matatu tofauti. Ofisa akaniuliza kwa upole tu hawa watoto ni wako? Mke wangu akatoa vyeti vya kuzaliwa vyote vitatu, ikaisha hapohapo. Watoto raia chini ya miaka 16 kwenye kruzi inayoanzia na kuishia bandari ileile ya Marekani wanaruhusiwa kwenda na cheti cha kuzaliwa bila pasipoti, lakini mi nasema wakatieni pasipoti na cheti mbebe vilevile, maana mtoto akivunjika mguu mkiwa nchi ya watu mtarudije na ndege. Na kama mzazi mmoja anasafiri peke yake na watoto, chukua barua ya ridhaa ya mzazi mwenzio iliyogongwa muhuri wa notary, yule mthibitishaji wa saini. Hatukuulizwa sisi, ila jirani yetu wa meza aliulizwa.

Grinkadi ibebe yenyewe, sio picha kwenye simu. Picha weka pia, ila ya kukusaidia ukipoteza, haikupitishi popote.

Mgeni wa viza ndo wa kumwangalia zaidi. Kwenye stika ya viza kuna sehemu inaonyesha ataingia mara ngapi, ikiwa M ni mara nyingi, sawa. Ikiwa ni moja na alishaitumia kuingilia airport, jamani msimpandishe meli mpaka mmeulizia kwa wanaojua sheria, maana mtatoka naye na kumrudisha ndo kesi. Na msidhani kruzi itamuanzishia mama miezi sita mipya, ofisa ndo mwenye kalamu. Vilevile kwa dada na wenzake wa pasipoti za Uingereza wanaoingia bila viza, zile siku 90 zinaendelea kuhesabika mkiwa visiwani. Meli nyingine wanakusanya pasipoti za wageni siku ya kupanda, ya mama waliichukua, na asubuhi ile tuliikuta imepangwa mezani kwa alfabeti. Wakichukua omba risiti, na kabla hujawapa piga picha ukurasa wa picha na wa viza.

Foleni yenyewe haikuwa mbaya, kilichotuchelewesha ni vidole. Mama kalima maisha yake yote, vidole vimesuguka, mashine inasoma kidole gumba inakataa, inasoma tena inakataa. Ofisa, kijana mmoja mpole, akampa kitambaa chenye maji afute, bado. Dada akatoa mafuta ya mikono kwenye pochi, mama akajipaka kidogo akafuta kwa ukingo wa mtandio, akabonyeza, ikakubali. Tangu siku hiyo mafuta ya mikono yapo kwenye bahasha ya pasipoti, sio utani.

Maswali yalikuwa machache, umekuja kufanya nini, unakaa na nani, unarudi lini. Hapa muongee na wazee mapema, sio kuwafundisha uongo, la, ila maneno. Mama yangu kaja kutembea na kuwaona wajukuu, ndivyo ilivyo, tiketi ya kurudi ipo. Lakini ukimuacha ajieleze kwa mapenzi yake atasema nimekuja kuwalea wajukuu, na kwa sikio la ofisa hiyo inasikika kama kazi ya yaya. Mwambieni ajibu alichoulizwa tu. Mama alianza kwa kumuuliza yule kijana habari za asubuhi na za nyumbani kwake, kwa Kiingereza chake cha shule ya misheni, na mpaka ajibiwe ndo akatoa pasipoti. Akajibiwa. Nadhani ilisaidia kuliko makaratasi yangu yote.

Tulipotoka nje ya geti, saa tatu na ushee, tukakuta teksi za kule, magari ya pickup yaliyofungwa mabenchi nyuma na paa juu, na wenyewe wanayaita safari. Mama akacheka mpaka akashika mbavu. Afu gari linaondoka akaniambia, hawa wanapita kushoto kama kwetu. Na kweli, ni Marekani lakini wanaendesha kushoto. Njia nzima kwenda ufukwe wa Magens Bay alikuwa anamweleza mjukuu wake kwamba saa sita ni saa sita, jua likiwa kichwani, na mtu asimdanganye.

Siku ya mwisho Fort Lauderdale kuna ukaguzi mwingine na huu unawakuta watu wote, raia na wasio raia, maana meli lazima imwagwe yote kabla haijapakia wengine. Usiku wa kabla wanawaambia muweke mabegi nje ya kebini, kwetu mwisho ilikuwa saa tano usiku, mnayakuta terminali asubuhi. Sasa watu wanapaki kama wamefukuzwa. Kijana wangu kapaki suruali zote, akashuka Florida na kaptula ya kuogelea. Hiyo ni ya kucheka. Ya dada haikuwa ya kucheka, pasipoti kaiweka mfuko wa nje wa sanduku, sanduku limeshachukuliwa, kakumbuka anapiga mswaki. Mi na peku zangu nikafukuza kile kitoroli cha mizigo korido nzima, mhudumu Mfilipino akanisaidia kupekua, ilikuwa chini kabisa. Pasipoti, grinkadi, dawa za presha na nguo za kesho vinalala na wewe kitandani. Mkiweza kubeba mizigo yenu wenyewe mnashuka mapema, ila ukiwa na mzee na watoto watatu usijitese, chukua namba yako ya tagi ukae unywe chai mpaka mwitwe.

Forodha msipuuze. Kila mtu ana kiwango cha vitu anavyopitisha bila ushuru, dola 800 kwa kawaida, na vitu vya St. Thomas vina nafasi kubwa zaidi, mpaka 1,600, kwaiyo tunza risiti. Pesa taslimu zikizidi dola 10,000 zitajwe, na wanahesabu za familia nzima kwa pamoja, sio kugawana mifukoni. Matunda na nyama toka melini msishuke navyo kabisa, nilisema hivo kwa kila mtu mara mbili.

Tumeshapita kamera ya sura, mama kapita bila hata kuulizwa jina, nikasema alhamdulillah leo tumemaliza. Hatua kumi mbele, kambwa kadogo kenye koti kakaja kakakaa kitako mbele ya pochi yake. Mama akarudi nyuma hatua tatu. Ofisa akaomba afungue, ikatoka ndizi moja na mayai mawili ya kuchemsha, vimefungwa kwenye tishu za bafe vizuri kama zawadi. Nikatangulia kuomba radhi, ofisa akasema hamna shida, akachukua vyote akaweka kwenye ndoo yake, akatuambia siku nyingine mtaje kabla ya kuulizwa. Mama akamwangalia mbwa, akaiangalia ile ndoo, akaniambia muulize, huyu mbwa ndizi anakula?