Biti ya matumizi mengi: mambo ya kujua kabla hujatoboa ukuta

Nyumba nyingi zinazojengwa Dodoma siku hizi, kuanzia Ihumwa na Nzuguni hadi Nkuhungu, zina ukuta wa aina moja: matofali ya sementi, plasta juu yake, kisha rangi au tailizi, na linta ya zege juu ya kila mlango na dirisha. Tundu moja la kina cha sentimita saba linaweza kupita kwenye tailizi, plasta na tofali, na kila kimoja kina ugumu wake. Biti ya matumizi mengi, yaani ncha ya kutobolea inayofungwa kwenye drili na kukata vitu vya aina nyingi, ilitengenezwa kwa tundu la namna hiyo. Anayeanza kazi huinunua akidhani amemaliza kununua biti zote, na hapo ndipo anapoanza kuiharibu. Kama unatoboa kitu kimoja tu, tena matundu mengi, biti maalumu ya kitu hicho itaishinda karibu kila mara. Hii ni ya kuvuka kutoka kitu kimoja kwenda kingine bila kubadilisha biti katikati ya tundu.

Anza kwa kuangalia ncha. Shina ni chuma, lakini mbele kuna kipande kidogo cha kabaidi ya tungsteni kilicholehemiwa. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, kinachoishia 10, kabaidi hiyo iko kwenye 9 hivi, na kwatzi, madini magumu ya mchangani, iko kwenye 7. Mchanga wa plasta una kwatzi tele, na kokoto za huku kwetu nyingi ni za granaiti, jiwe lile lile linaloonekana kwenye vilima vya mji, nalo limejaa kwatzi. Ndiyo maana biti ya chuma, ile iliyoandikwa HSS, ikigusa plasta hupoteza makali ndani ya dakika moja, hata kama ni mpya. Ukiona dukani biti ya rangi ya dhahabu, usidanganyike na rangi. Rangi hiyo ni ya juu tu, na chini yake mara nyingi ni HSS ya kawaida ya kutobolea chuma.

Biti ya zege nayo ina ncha ya kabaidi, kwa hiyo wengi huzichanganya. Tofauti iko kwenye makali. Pitisha ukucha taratibu kwenye ukingo wa ncha: ya zege ni butu, kwa sababu kazi yake ni kugongwa na kusaga. Ya matumizi mengi imenolewa kama kisu, na ukucha utakwaruzwa. Makali hayo ndiyo yanayoiwezesha kukata mbao, bati na tailizi. Makali hayo hayo ndiyo yanayomeguka ukiipiga nyundo kwa nguvu, yaani ukiwasha kishindo cha drili. Karibu kila kosa la matumizi linatokana na kusahau jambo hili.

Unaponunua, mwombe muuzaji akutolee biti kwenye pakiti. Tazama ncha kwa mbele: kingo mbili ziwe na urefu sawa na kilele kiwe katikati kabisa, maana ikiwa upande mmoja ni mrefu tundu litakuwa pana kuliko namba iliyoandikwa na fisha, kile kipande cha plastiki kinachoingizwa tunduni kushika skrubu, itazunguka ndani yake. Angalia mshono wa kulehemu usiwe na nafasi. Kisha ibingirishe juu ya kioo cha kaunta. Iliyopinda utaiona ikirukaruka. Soma na alama za pakiti. Picha ya nyundo iliyokatwa mstari ina maana biti hiyo haitakiwi kupigwa nyundo hata kidogo, na zenye picha isiyokatwa huvumilia nyundo nyepesi ya drili ya kawaida. Shina la pembe sita linaingia pia kwenye mashine ya kufungia skrubu. Hakuna kati ya hizi inayotakiwa kwenye mashine ya SDS, ile drili nzito ya kugonga zege, hata kwa kutumia kiunganishi, kwa sababu kishindo cha SDS huvunja ncha.

Kwa nyumbani, namba tatu zinatosha kuanzia: milimita 6, 8 na 10. Ya 6 ni ya picha, saa na vitu vyepesi, ya 8 ni ya fimbo za pazia, kioo na rafu ndogo, na ya 10 ni ya kabati la ukutani au bano la televisheni. Fisha ya 6 huchukua skrubu ya milimita 4 hadi 5, ya 8 huchukua 5 hadi 6, na ya 10 huchukua 6 hadi 8. Skrubu nyembamba mno haitanui fisha, hivyo kitu kitaning'inia siku mbili tatu kisha kitachomoka.

Kina cha tundu kinahitaji hesabu, na hesabu hii ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Plasta ya milimita 15 hadi 20 haishiki mzigo. Kinachoshika ni tofali au zege lililo nyuma yake. Fisha ya milimita 30 ikiishia sawasawa na uso wa ukuta, nusu hadi theluthi mbili zake ziko kwenye plasta, na ndiyo sababu fimbo ya pazia huanguka na bonge la plasta. Izamishe fisha mpaka ipite plasta. Mfano: plasta ya 15, fisha ya 8 yenye urefu wa 40, na bano la unene wa 3. Skrubu inatakiwa iwe 15 jumlisha 40 jumlisha 3, na ongeza unene wa skrubu yenyewe, 5, ili ncha itokeze nyuma ya fisha. Jumla ni 63, kwa hiyo chukua ya 65 au 70. Tundu lizidi sehemu ya skrubu inayoingia ukutani kwa milimita 5 hadi 10. Kwa skrubu ya 70, toboa 75. Zungushia teipu kwenye biti kwenye alama ya 75 ili usikisie.

Kabla ya kuweka ncha ukutani, tazama swichi na soketi. Mafundi wa umeme hupandisha paipu wima kutoka kwenye swichi hadi darini, na mara nyingine huishusha hadi kwenye soketi ya chini yake. Usitoboe kwenye mstari wa wima wa juu wala chini ya swichi. Acha sentimita 15 kila upande. Bafuni na jikoni fanya hivyo hivyo kwa koki. Vaa miwani ya kazi na barakoa, maana vumbi la zege na tailizi lina silika inayoharibu mapafu. Glavu za kitambaa usivae, kwa kuwa biti inayozunguka huzinyakua pamoja na vidole.

Sasa tailizi, kazi ambayo watu huinunulia biti hii hasa. Weka alama, kisha bandika vipande viwili vya teipu ya karatasi vilivyopishana kama msalaba ili ncha isiteleze. Kaa angalau sentimita 2 kutoka ukingo wa tailizi, kwa sababu karibu na kona hupasuka. Hakikisha swichi ya nyundo imezimwa na drili iko kwenye gia namba 1. Anza polepole kabisa, mizunguko 400 hivi kwa dakika, na ukishapata kashimo panda hadi 700 au 800. Sukuma kwa nguvu ya wastani. Mwenzako ashike sponji yenye maji kidogo chini ya tundu ili ncha isichemke. Drili ya betri ni salama zaidi hapa. Kama ni ya waya, maji yasiifikie mashine. Usiiache ncha ichemke kisha ukaichovya majini, kwani kabaidi iliyopata moto hupasuka ikikutana na baridi ya ghafla, na kulehemu kukilegea kipande chote hudondoka.

Utajua umevuka tailizi kwa mambo mawili. Biti itazama ghafla, na unga utabadilika kutoka mweupe au wa rangi ya udongo wa tailizi hadi kijivu cha sementi. Hapo usichomoe, endelea na biti ile ile bila nyundo. Kama tofali ni gumu na pakiti inaruhusu, washa nyundo nyepesi baada tu ya kuvuka. Ukiwasha mapema kwa sekunde moja, ufa utatembea hadi kwenye kona. Baadaye fisha iingie mpaka ipite tailizi yote. Ikibaki ndani ya tailizi, inapotanuka huipasua, na wengi hulaumu biti kwa kosa la fisha.

Tailizi za poslini ni habari nyingine. Ukisukuma kwa dakika mbili na huoni unga, ila unasikia mlio mwembamba na kuona uso unang'aa, acha. Biti hii imeshindwa, na kuilazimisha ni kuimaliza. Tafuta biti ya almasi kwa tabaka la tailizi, kisha rudi na hii kwa ukuta wa nyuma.

Fimbo za pazia huleta tatizo la pili, yaani linta. Ukitoboa juu ya dirisha, unatoboa zege lenye nondo. Kwa kawaida nondo kuu hulala chini na juu ya linta, zikifunikwa na zege la milimita 25 hivi, na ringi huzizunguka kila sentimita 15 hadi 20. Kwa linta ya inchi 9, toboa sentimita 10 hadi 13 juu ya ukingo wa dirisha, katikati ya kimo, ambako hakuna nondo ndefu. Ringi bado unaweza kukutana nayo. Plasta ya 15 hadi 20 ukiongeza zege la 25, utaifikia kwenye kina cha sentimita 4 hivi. Biti ikikwama hapo, mlio ukawa wa chuma na unga ukakoma, hiyo ni ringi. Usisukume, maana nondo ikiwa ndani ya zege inamegua ncha papo hapo. Sogeza tundu sentimita 3 pembeni. Ikikwama kabla ya hapo huku unga ukitoka kidogo kidogo, huenda ni kokoto ya granaiti. Punguza mwendo, chomoa mara kwa mara kutoa unga, na itapita. Kama una madirisha ya nyumba nzima, kodi mashine ya SDS na biti yake ya zege. Utamaliza ndani ya saa chache, na hii itabaki na makali yake.

Kwa mbao, zungusha haraka na usisukume sana. Haina mwiba wa katikati kama biti ya mbao, kwa hiyo chimba alama kwa msumari kwanza, na weka kipande cha ubao nyuma ili upande wa kutokea usichanike. Mninga na mkongo huzibana njia za biti kwa unga; chomoa kila sentimita 2.

Chuma kina masharti zaidi. Skwea paipu ya ukuta wa milimita 1.5, bati na aluminiamu zinakubali. Piga panchi, weka tone la mafuta ya mashine, gia ya 1, na bana kipande mezani. Biti inapotokea upande wa pili hunyakua bati na kulizungusha kama panga. Chuma kinene cha zaidi ya milimita 3 kiachie HSS. Chuma cha pua usijaribu.

Tofali la kuchoma ambalo halikuiva vizuri hutoboka haraka mno, na nyundo hulipanua tundu. Toboa bila nyundo, na kama fisha ya 8 inaingia kwa kidole, panda hadi ya 10 yenye urefu zaidi. Ukuta wa udongo kama wa tembe haushiki fisha yoyote. Mzigo ufungwe kwenye nguzo za mti zilizo ndani yake.

Baada ya kutoboa, ondoa unga wote kwa pampu ya baiskeli, siyo kwa mdomo, kwani utarudi machoni. Unga ukibaki, fisha haifiki mwisho, na skrubu hukatika kichwa ikilazimishwa.

Biti ikianza kuhitaji nguvu mara mbili, kwanza angalia kitufe cha kugeuza mzunguko. Drili ikizunguka kinyume haitoboi chochote ila inachoma. Kama mzunguko ni sawa na kingo zimeng'aa au zimemeguka, jiwe la kijivu la gereji halitainoa. Kabaidi hunolewa kwa jiwe la kijani la silikoni kabaidi au la almasi, na kwa biti ya milimita 6 ni nadra gharama hiyo kulipa. Iondoe kwenye matumizi ya tailizi, iweke kwa ajili ya plasta na tofali laini, na uiandike alama kwenye shina ili usiichanganye na ile mpya.