Sufuria Imejaa, Mtoto Anakonda

Mtoto wetu wa pili alipofikisha miezi 11, mstari wa uzito kwenye kadi yake ya kliniki ulikuwa umelala kwa miezi miwili mfululizo, kisha ukaanza kushuka. Niliona haya, kwa kuwa nyumbani chakula hakikuwahi kukosekana. Nikafanya ambalo wazazi wengi hufanya, yaani nikamwongezea chakula, na uzito haukupanda.

Muuguzi aliyetupokea hakuanza kwa kuuliza mtoto anakula nini. Aliuliza ni nani humlisha, anacheza wapi, na katika miezi mitatu iliyopita amehara mara ngapi. Nilijibu kwamba mara tatu, labda nne, na kabla sijamaliza kusema nilikwisha kuona kosa letu lilipo.

Mwaka 1990 UNICEF ilipotoa mchoro wake wa visababishi vya utapiamlo, iliweka viwili karibu kabisa na mtoto: chakula kisichotosheleza na maradhi. Nyuma ya hivyo viwili kuna uhaba wa chakula katika kaya, upungufu wa malezi, na huduma duni za afya pamoja na mazingira machafu. Wengi wetu hukomea kwenye chakula. Mtoto anayehara hupoteza hamu ya kula na virutubisho kwa pamoja. Akikonda, kinga yake hupungua, naye huugua tena kwa wepesi. Hata asipohara, mtoto anayemeza vijidudu vya kinyesi siku baada ya siku anaweza kupata uvimbe usioonekana katika utumbo mwembamba, ambapo vile vinyweleo vinavyofyonza chakula husinyaa, hivyo chakula kizuri kikapita bila kumfaidi.

Niliporudi nyumbani nilikaa sakafuni, kwenye kimo cha mtoto anayetambaa. Kuku walikuwa wakiingia na kutoka, na mtoto alikuwa akiokota kila kitu na kukipeleka mdomoni. Poti yake tulikuwa tukiimwaga nyuma ya nyumba, tukiamini kwamba kinyesi cha mtoto mchanga hakina madhara, ilhali kina vijidudu vya maradhi kama cha mtu mzima, pengine na zaidi. Uji wa asubuhi alipewa tena mchana bila kupashwa moto. Tulianza na hayo: kinyesi chooni, kuku nje, sabuni karibu na choo na nyingine jikoni.

Hata hivyo, sitaki kuupamba usafi kuliko unavyostahili. Majaribio makubwa yaliyofanywa vijijini nchini Kenya na Bangladesh, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018, yalionyesha kwamba vyoo, maji yaliyotiwa dawa na sabuni peke yake havikuwaongezea watoto kimo. Kwetu pia usafi pekee usingetosha, maana mtoto alikuwa akilishwa na kaka yake wa miaka tisa, kutoka sahani moja, na kaka alikuwa na haraka ya kwenda kucheza. Mpe mtoto sahani yake ili ujue amekula kiasi gani, keti naye, zungumza naye, na akigeuza uso ngoja kidogo kabla ya kujaribu tena. Akiugua usimpunguzie chakula wala kumnyima ziwa. Akihara mpe maji ya ORS (yale ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini) na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, na akipona mwongezee mlo mmoja kwa siku kwa muda wa wiki mbili hivi.

Omba pia apimwe mzunguko wa sehemu ya juu ya mkono kwa ule mkanda wenye rangi. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 12.5 ni utapiamlo, na chini ya 11.5 ni utapiamlo mkali. Ukibonyeza sehemu ya juu ya nyayo zake zote mbili kwa kidole gumba na shimo likabaki, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata kama anaonekana amenenepa. Mkono wa mtoto wetu ulisoma 12.1, na ilituchukua karibu miezi minne kuufikisha 13.