Kabla hujatia saini mkataba wa utafiti baada ya uzamivu

Wadogo zangu mnaomalizia uzamivu, ombi langu ni moja: hesabuni miezi kabla ya kuhesabu mshahara.

Mimi nilipewa miezi 24 Ujerumani, nichunguze virusi vya michirizi kahawia ya muhogo. Majani niliyachuma mwenyewe Mkuranga, nikayakausha kwenye vifuko vya silika, zile chembe zinazofyonza unyevu, kila kifuko na namba yake. Kisha yakakaa kabatini Morogoro miezi saba. Vyuo viwili vilikuwa vinavutana juu ya kifungu kimoja cha mkataba wa kuhamisha sampuli, na bado kulikuwa na cheti cha afya ya mimea na kibali cha kuingiza mzigo Ulaya. Mimi huku nashinda maabara, sina hata jani la kusaga. Roho iliniuma sana. Ukishapata barua ya kukubaliwa, anza kufuatilia vibali wiki hiyohiyo, hata kabla ya viza.

Kuna na hesabu nyingine, inayoanza siku unapotunukiwa shahada. Ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie, ule wa Umoja wa Ulaya kwa watafiti waliomaliza uzamivu, una ukomo wa kuomba wa miaka 8 tangu uzamivu. Tena, kwa kawaida hutakiwi kuwa umeishi au kufanya kazi zaidi ya miezi 12 katika nchi unayoombea, ndani ya miaka 3 kabla ya tarehe ya mwisho ya maombi. Nimeona watu wakienda kwa mkataba mdogo wa mwaka na nusu, halafu wanakuta nchi ileile waliyoizoea ndiyo wasiyoruhusiwa kuiombea. Inasikitisha, maana ukijua mapema unapanga vizuri tu.

Kuhusu kumwandikia profesa: barua yangu ya kwanza niliituma kwa watu kumi na wawili bila kubadilisha neno, na hakuna aliyejibu. Wa kumi na tatu nilimsoma kwanza. Nikamuuliza kwa nini katika jedwali lake aina moja ya muhogo ilikuwa na mizizi iliyooza huku majani hayana dalili, jambo ambalo wakulima wetu wanalijua kwa uchungu wakati wa kuvuna. Akajibu baada ya siku mbili, barua ndefu.

Kwenye usaili, uliza bila haya: fedha zinatoka mradi gani, na mradi unaisha lini? Data nitaondoka nayo? Nani atakuwa mwandishi wa kwanza wa makala? Majibu yaombe kwa maandishi, hata kama profesa mwenyeji wako ni mtu mwema kabisa. Wangu alikuwa mwema, lakini alihamia chuo kingine mwaka wa pili, na aliyerithi maabara hakujua lolote tuliloahidiana kwa mdomo.

Na zile makala za uzamivu zilizobaki rasimu, zitumeni jaridani mkiwa bado nyumbani. Zangu mbili nilizimalizia usiku, baada ya saa kumi na mbili za maabara, na moja mpaka leo haijatoka.