Ukiwapeleka wakwe zako kwenye mkahawa wa Kihindi wa kisasa

Msomaji mmoja wa Wete ameniandikia kwamba mkewe amehitimu shahada, na kwamba anakusudia kuwaleta wakwe zake Unguja ili wale chakula cha usiku katika mkahawa wa Kihindi wa daraja la juu, ule unaosifika kwa kokteli zake za ubunifu. Anachelea wazee wasije wakadharauliwa, kwa kuwa hakuna hata mmoja wao anayekunywa pombe. Namjibu hapa kwa urefu, kwa sababu jambo hili bado linaniuma.

Miaka michache iliyopita, mimi na mume wangu tulimpeleka mama yangu katika mkahawa wa namna hiyo, ambao sitautaja. Mhudumu aliposikia kwamba hatunywi pombe, aliiondoa orodha ya vinywaji na kutuletea soda bila ya kutuuliza. Kwa wageni wa meza ya jirani alisimama muda mrefu akiwaeleza kila sahani na kila glasi, ilhali sisi alituambia tu kwamba vyakula vingine vina viungo vikali ambavyo huenda tusivipende. Maneno hayo alikuwa akimwambia mwanamke aliyelelewa katika mashamba ya mikarafuu ya Pemba! Mama alikula kidogo, na njia nzima ya kurudi nyumbani hakusema neno.

Mapishi haya hayapaswi kututisha. Ni kweli kwamba yamepanda cheo duniani, kwani mwaka 2001 Vineet Bhatia na Atul Kochhar, wote wakipika London, walikuwa wapishi wa kwanza wa Kihindi kupata nyota ya Michelin, yaani tuzo mashuhuri ya kimataifa ya mikahawa. Hata hivyo, sehemu kubwa ya vile vitafunio vidogo vinavyotangulia mlo imetokana na vyakula vya mitaani vya Bara Hindi, vyenye viazi, bajia, chatne na ukwaju, na aliyekula urojo tangu utotoni anazijua ladha hizo. Kokteli nazo, ustadi wake hauko katika pombe peke yake. Wapo wanaotia samli iliyoyeyushwa ndani ya pombe, wakaiacha kwenye baridi mpaka mafuta yagande, kisha wakayachuja na kubakisha harufu. Lakini jal jeera, kinywaji cha Kihindi cha uzile uliokaangwa, nanaa, ndimu au ukwaju na chumvi nyeusi, hakihitaji hata tone moja la pombe.

Mwezi uliopita tulikwenda mkahawa mwingine. Nilipiga simu mapema, nikaeleza kwamba tunataka nyama halali, kwamba pombe isitiwe hata katika mchuzi au kitindamlo, na kwamba tunataka vinywaji vilivyotengenezwa kwa uangalifu uleule wanaopewa wanywaji. Mchanganyaji wa vinywaji alikuja mwenyewe mezani, akamuuliza mama anapenda viungo gani, kisha akamtengenezea kinywaji cha ukwaju na iliki ambacho mama alikimaliza chote. Baadaye mama alionja dengu, akamwambia mpishi kwamba ametia mvuje, na mpishi akakubali kwa heshima kubwa. Sijapata kujivunia kuwa binti yake kama usiku ule.

Kwa hiyo, ndugu yangu, piga simu mapema na useme unachotaka. Mkishakaa, uliza, na usipojibiwa vizuri uliza tena, kwa maana anayelipa ana haki ya kuelezwa. Tusikubali kunyamazishwa katika mji wetu wenyewe, juu ya viungo ambavyo wazee wetu wamevilima na kuvipika maisha yao yote. Agizeni sahani za kushirikiana badala ya kila mtu na yake, ili wazee waonje vingi bila ya kulazimika kumaliza wasichokipenda. Jambo la bili lipange na mhudumu kabla ya wakwe zako kufika, akuletee pembeni, kwani baba mkwe akiziona bei zile anaweza kung'ang'ania kulipa yeye.