Muulize Shangazi Mchoraji: Usishike penseli ya mtoto

Katika toleo lililopita nilieleza kidogo warsha za kuchora ninazoendesha kwenye shule za msingi za mkoa wetu wa Tanga, nikiwa na mfuko wa penseli na vitabu vya watoto nilivyovichora mwenyewe. Barua zimekuja nyingi kuliko nafasi niliyopewa. Nimechukua hizi.

Mwalimu wa darasa la tatu, Korogwe: Nilisoma nikatamani, lakini darasa langu lina watoto zaidi ya tisini, karatasi za kuchorea hakuna, rangi ndiyo usiseme. Au mambo haya ni ya shule za kulipia?

Pole na kazi, Mwalimu. Si ya shule za kulipia. Tena huko kwenye makopo ya rangi za kila namna, nusu ya kipindi huishia kwenye kugombea nyekundu.

Tafuta karatasi za mitihani iliyopita, zile zilizochapwa upande mmoja. Kunja A4 katikati mara tatu kisha ikunjue. Utaona vyumba vinane. Ikunje tena mara moja ili pande fupi zikutane, halafu uchane ule mstari wa katikati kuanzia kwenye mkunjo hadi mistari inapopishana, usipite hapo. Mkasi ukikosekana, bana mstari kwa kucha na uchane kwa rula. Sasa ikunjue, ikunje kwa urefu, upande mweupe ukae nje, uzisukume ncha mbili zikutane. Umepata kijitabu cha kurasa nane pamoja na jalada, bila gundi wala pini, na maswali ya mtihani yamejificha ndani. Wachore baada ya kukunja, wasichore kabla, maana karatasi ikiwa wazi nusu ya kurasa huwa kichwa chini.

Halafu, tafadhali, usiwaambie “choreni nyumba”. Utaletewa nyumba tisini za paa la pembetatu, jua kwenye kona na minazi miwili. Nimeletewa minazi hiyo hata Lushoto, kwenye baridi ile! Piga paukwa, wakuitikie pakawa, kisha uwape sentensi moja tu: Mama alirudi kutoka sokoni jioni. Baada ya hapo uliza yale ambayo sentensi haikuyasema. Amebeba nini? Nani amemwona wa kwanza? Kuku wako wapi saa hizo?

Katika shule moja njia ya kwenda Pangani, mvulana alimchora mama amevaa ndala moja. Nikamuuliza ya pili iko wapi. Akanionyesha kapu: ilikuwa mle ndani, mkanda umekatika, imelala juu ya nyanya. Maneno yalisema mama amerudi, picha ikatuambia amerudije. Mchoraji wa kitabu cha watoto analipwa kwa jambo hilo hasa, na yule mtoto alilifanya kwa penseli isiyo na ncha.

Kuhusu wingi wao, gawa darasa. Nusu watoke nje wachore uwanjani kwa vijiti, nusu wabaki na vijitabu, kisha wabadilishane. Na ubao uache mtupu. Ukichora mbuzi mmoja ubaoni, utasahihisha mbuzi tisini wa kwako mwenyewe.

Mama wa watoto watatu, Temeke: Binti yangu wa miaka saba anachora watu wakubwa kuliko nyumba. Bibi yake ndiye kabisa, anagusa mawingu. Tena ukuta anauchora kama kioo, sufuria ya ndani inaonekana. Nikimrekebisha analia. Nimwache?

Mwache, dada. Kwa umri huo mtoto hachori vipimo, anachora nani ni nani. Bibi anagusa mawingu kwa sababu nyumbani kwenu bibi ndiye mkubwa, na sufuria inaonekana kwa sababu yeye anajua ipo. Kadiri anavyokua ataanza mwenyewe kulinganisha na anachokiona, na hapo ndipo wengi huacha kuchora kwa kuona aibu. Hizo sahihisho ziweke akiba hadi aziombe.

Akikuomba umchoree mbuzi, usishike penseli yake. Mpeleke kwa mbuzi. Muulize masikio yako juu ya pembe au chini yake, mkia unatazama wapi, na jicho likoje. Mboni ya mbuzi imelala, haikusimama kama ya paka. Watoto wakiligundua hilo wenyewe hupiga kelele, na hutamuona tena akimchorea mbuzi jicho la binadamu.

Mwalimu mkuu, Muheza: Tungependa uje shuleni kwetu. Tumepanga pia shindano, na zawadi kwa picha tatu bora. Utakubali kuwa jaji?

Kuja nitakuja, Mwalimu Mkuu, na nashukuru kwa heshima hiyo. Ujaji sitaki. Picha ikishashinda, muhula unaofuata shule nzima huchora picha ile ile. Fedha za zawadi nunueni penseli na vichongeo. Kama lazima wageni waone kitu, tungeni kamba darasani, vijitabu vyote vining'inizwe kwa vibanio vya nguo, na kila mtoto asimame asome cha mwenzake.

Kijana, Iringa: Shikamoo shangazi. Nataka kuchora vitabu vya watoto. Watu wananiambia bila tableti sitafika. Nianzie wapi?

Marahaba, mwanangu. Tableti nzuri ukiwa nayo, ila si mlango. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia vipande vya ubao na rangi ya kung'arisha baiskeli, na leo jina lake ndilo jina la mtindo mzima.

Jifunze ukurasa kwanza. Kitabu kinachobanwa kwa pini lazima kurasa zake zigawanyike kwa nne. Vingi vya picha huwa na 24 au 32. Tengeneza kielelezo kidogo cha karatasi tupu, andika namba za kurasa, uone hadithi inageukia wapi. Jambo kubwa likae nyuma ya ukurasa, msomaji afunue ndipo alikute. Uso wa mtu usiuweke pale kurasa mbili zinapokutana, kwani mshono utaumeza. Nimeona tembo mzuri ajabu akiwa hana jicho kwa sababu hiyo.

Ukitaka mwalimu wa mpangilio, fungua sanduku la mama yako utoe kanga. Pindo linazunguka, mji umekaa katikati, jina lina nafasi yake, na hakuna kinachomkanyaga mwenzake. Vijana wengi hujaza ukurasa kwa picha hadi ukingoni, kisha mhariri anatafuta pa kuweka maneno hapaoni.

Na mkataba usome wote. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inakulinda wewe uliyechora, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ipo kwa ajili ya mambo hayo. Kuruhusu picha zichapwe kwenye kitabu hakumaanishi kuuza karatasi ulizochorea. Zirudi kwako, na mkataba uandikwe hivyo.

Mwanafunzi wa darasa la tano, Pangani: Shikamoo shangazi. Naweza kuchora kila kitu isipokuwa mikono. Nafanyaje?

Marahaba, mpenzi. Hata wakubwa mikono inawashinda, ndiyo maana picha nyingi zina watu walioficha mikono mifukoni. Weka kiganja usoni sasa hivi: kinaanzia kidevuni na vidole vinakaribia nywele, sivyo? Basi mkono si mdogo kama unavyouchora. Anza na kiganja, kichore kama kiboksi, kidole gumba kitoke ubavuni, vile vinne vibaki pamoja kama kundi moja kwanza, ndipo uvitenganishe. Wa kushoto unao bure, umekaa hapo mezani. Uchore ukishika embe, ukishika kikombe, ukivuta kamba ya ndoo. Picha zako mpe mwalimu wako, atanipa nikija.