Mdogo wangu wa Katuba, usiache masomo bado

"Yaya, mkubwa wangu, ubongo mtu anazaliwa nao, chuo kitauongezea nini?" Kijana mmoja wa Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, kaniandikia hivyo juzi. Minervali, yaani karo ya chuo, imemshinda, wenzake wako Kolwezi wanachimba kobalti na wanamtumia picha za pikipiki mpya.

Swali hilo nimelisikia kwa mjomba wangu miaka yote niliyosoma. Hakuna sikukuu iliyopita bila yeye kuniuliza mbele ya wageni kama karatasi ya diploma huliwa na mboga gani, na wageni wakacheka. Mwezi uliopita nimetetea memwari yangu, andiko la utafiti la kumalizia chuo, hapa Lubumbashi, jopo likanipa alama za juu. Mjomba hakutokea. Haya, tuyaache.

Mdogo wangu, ubongo haubaki vile ulivyozaliwa nao. Huko London, watafiti wa ubongo Katherine Woollett na Eleanor Maguire waliwafuatilia watu 79 waliokuwa wakisomea udereva wa teksi. Kule leseni hupati mpaka uweke kichwani mitaa kama 25,000, kazi ya miaka 3 au 4. Walifaulu 39. Matokeo yalichapishwa 2011: mwanzoni wote walikuwa sawa, lakini mwishoni sehemu ya nyuma ya hipokampasi, eneo la ubongo linalotunza kumbukumbu za njia, ilikuwa imeongezeka kwa waliofaulu. Kwa walioshindwa, hakuna kitu.

Ila kukaa darasani si kusoma. Wanasaikolojia Roediger na Karpicke walionyesha 2006 kwamba anayerudia kusoma hukumbuka vizuri kuliko anayefunga kitabu na kujipima, akiulizwa baada ya dakika 5. Wiki ikipita, aliyejipima ndiye anayemshinda. Mimi takwimu nimeisomea gizani umeme ukikatika: silabusi, kitini cha somo, nimeifunga, najifundisha kwa sauti, nikikwama nawasha tochi ya simu, naangalia mstari mmoja tu, nazima. Dada yangu alidhani nina mapepo.

Kwa hiyo jipime. Vijana mnapiga picha ubao, mnapaka silabusi rangi ya njano kurasa zote, halafu mnasema chuo hakina faida! Funga silabusi, jipime. Kesho tena, jipime.

Kuhusu Kolwezi sikulaumu, njaa haingoji mtu. Lakini kabla hujapanda gari, nenda ofisi ya fedha uombe kulipa kidogo kidogo. Mimi nililipa hivyo mpaka mwisho. Nenda asubuhi, foleni ikiwa bado fupi, na risiti zote za zamani mkononi.