Pikipiki iliyotumika ugenini: kadi ina jina la mtu mwingine, ninunue?

SWALI: Habari fundi. Nafanya kazi nje ya nchi yangu, nina kibali cha kuishi cha mwaka mmoja na leseni ya gari ya nyumbani. Nimepata pikipiki ya cc 250, ina miaka tisa, kwa mgeni mwenzangu anayerudi kwao wiki mbili zijazo. Kadi ina jina la mtu aliyeondoka zamani. Muuzaji anasema wageni wengi hapa wanaendesha hivyo hivyo, na anataka nusu ya hela sasa. Nilifika nikaikuta inanguruma vizuri. Nikague nini kabla ya kulipa?

JIBU: Ndugu, usitoe hata nusu. Injini tutaifikia, lakini kinachomtesa mgeni zaidi ni kadi, kwa sababu injini mbovu hutengenezeka na jina lisilobadilika huna fundi wa kumpelekea.

Ilivyo ni kwamba mtu wa kwanza aliuza bila kuhamisha umiliki, huyu wako akanunua hivyo, na sasa anakupa wewe. Ofisi ya usajili bado inamtambua yule wa kwanza, na kwa kawaida inataka saini yake. Ikikamatwa huwezi kuitoa kituoni, kwa sababu kwenye rekodi si yako. Bima nayo inaweza kukataa kukukatia, au ikakukatia halafu ikagoma kulipa siku ya ajali. Hao wageni wanaoendesha hivyo hawajapatwa na ajali bado.

Kwa hiyo muuzaji ahamishie jina lake kwanza, au mwenye kadi atume hati ya uwakilishi ambayo ofisi yenyewe imesema itaipokea. Hilo kaiulize ofisi, usimuulize muuzaji. Ukiwa hapo uliza pia kibali chako kinatakiwa kiwe kimebakiza miezi mingapi, uthibitisho gani wa makazi unakubalika, na kama pikipiki hiyo ina deni, imeripotiwa kuibiwa au inadaiwa ukaguzi. Jifunze pia kila karatasi ya nchi uliyopo inathibitisha nini. Uingereza, kwa mfano, cheti cha usajili, V5C, chenyewe kimeandikwa kwamba si uthibitisho wa umiliki, hivyo risiti ya mauzo ni lazima. Ujerumani hati za usajili ni mbili, na ya pili mara nyingi hukaa benki mpaka mkopo uishe. Anayekuonyesha ya kwanza peke yake hajakuonyesha kitu.

Leseni yako ya gari haikupi pikipiki. Kibali cha kimataifa cha kuendesha hakiongezi daraja, kinatafsiri tu leseni uliyo nayo. Kilichotolewa chini ya mkataba wa kimataifa wa barabara wa 1949 hudumu mwaka mmoja, cha mkataba wa 1968 hakizidi miaka mitatu, na kuna nchi zinazotambua kimoja tu. Zaidi ya hapo, nchi nyingi zikishakuhesabu kuwa mkazi hukutaka ubadilishe leseni au ufanye mtihani wao. Anza hili mapema, kwa sababu bila daraja sahihi hata bima uliyolipia inaweza isikusaidie.

Sasa chuma. Namba ya fremu, nyingi zikiwa na herufi na tarakimu 17, huwa imegongwa kwenye shingo ya usukani. Isome tarakimu moja moja ukilinganisha na kadi, kisha pitisha kidole juu yake. Ukihisi bonde la msasa, au rangi mpya mahali hapo tu, ondoka. Linganisha na namba ya injini pia kama imeandikwa kwenye kadi.

Unasema uliikuta inanguruma. Hapo ndipo ukaguzi wako ulipopotea. Rudi siku nyingine, umwambie asiiwashe kabisa, na ukifika weka kiganja kwenye kifuniko cha injini. Ikiwa na joto, panga siku nyingine tena. Injini ya moto huficha betri iliyochoka, valvu zilizobana na moshi wa mwanzo, na hayo ndiyo unayotaka kuyaona. Moshi wa bluu unaotoka mara ya kwanza kisha ukakata ni sili za valvu. Ukiendelea kila unapovuta mafuta, ringi za pistoni zimekwisha. Mweusi ni petroli nyingi, mara nyingi chujio la hewa limeziba. Mvuke mweupe wa dakika chache asubuhi si ugonjwa, ila usipokata na maji ya rejeta yakawa yanapungua, gasketi ya kichwa imeungua.

Nenda na mita ya umeme. Betri nzima ya asidi iliyopumzika husoma karibu volti 12.6. Washa, panda hadi mizunguko 4,000 au 5,000 kwa dakika: itakiwayo ni 13.5 hadi 14.5. Ikibaki chini ya 13, koili za kuchaji au reguleta ni mbovu. Ikipita 15, reguleta inaiunguza betri.

Ajali isome chini ya shingo ya fremu, kwenye vikomeo vinavyozuia usukani usizidi kugeuka. Kikomeo kilichopondeka au kukatika kinasema imegonga kwa mbele, hata kama plastiki zote ni mpya. Inua gurudumu la mbele na geuza usukani polepole. Ukinasa katikati, beringi za usukani zimechimbika. Bonyeza shokapu za mbele mara tano, uangalie kama bomba linabaki na duara la oili. Madoa ya kutu mahali sili inapopita ni mabaya kuliko oili yenyewe, kwa sababu yatachana hata sili mpya.

Vuta cheni kwa nyuma kabisa mwa sproketi kubwa. Nusu ya jino ikionekana, inabadilishwa pamoja na sproketi zote mbili, kwani cheni mpya kwenye meno yaliyopinda huisha haraka. Tairi zina tarakimu nne za tarehe: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira wa miaka kumi ubadilishe hata kama bado una meno, kwa kuwa umekauka na huteleza kwenye maji. Unene wa mwisho wa diski ya breki umegongwa kwenye diski yenyewe, kwa milimita.

Jaribio la barabarani alifanye fundi au rafiki mwenye leseni ya pikipiki, si wewe. Aangalie kama gia ya pili inaruka akivuta kwa nguvu, na kama kwenye gia ya juu mlio unapanda huku mwendo ukibaki palepale. Hiyo ni klachi inayoteleza.

Yote yakikaa sawa, andikeni mkataba nakala mbili wenye namba ya fremu, kilomita, vitambulisho vyenu, tarehe na saa, maana faini ya kabla ya saa hiyo ni ya muuzaji. Usisaini lugha usiyoisoma kabla hujatafsiriwa. Hela itoke benki, siku hiyohiyo mnapohamisha jina ofisini.

Mpigie muuzaji leo umpe siku ya kwenda ofisini kabla ya safari yake. Akisema mwenye kadi hapatikani, iache hiyo, tafuta nyingine.